Mguu Wangu na Mashine ya Presha

Jumamosi, Bulyaga. Ukungu umeshuka mapema, na mabati bado yanadondosha maji ingawa mvua imekata. Mguu wangu wa kulia uko juu ya mto, umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo. Naandika nikiwa kitandani, simu mkononi.

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu. Mashine ya presha ya maji niliinunua ili nisiwe napeleka gari kuoshwa kule barabarani. Pale wateja hukaa kwenye benchi wakipiga soga, na hakosekani mmoja wa kuniuliza, "Mwalimu, wa kwako wako wapi?"

Wangu wako Tanga, wote. Mimi nilipangiwa kazi huku, na jioni zangu ni mimi, redio na baridi.

Basi leo asubuhi nikaosha mwenyewe. Nilianza vizuri tu. Waya wa umeme niliupitisha juu usiguse maji, nikapandisha vioo, nikasimama mbali kidogo na bodi ili presha isibandue rangi. Tope la barabara ya Ikuti likawa linaanguka vipande vipande. Nilifurahi, nakiri.

Lakini nilivaa kandambili. Mabuti ya mpira yalikuwa stoo, nikaona uvivu kuyafuata.

Mpira wa maji ulinasa chini ya tairi. Nikainama kuuvuta kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili bado umebana kifyatulio. Maji yakapita juu ya mguu wangu.

Kidonda chenyewe kilikuwa kama tundu la sindano. Damu tone moja. Nikazima mashine, nikajicheka, nikamalizia vioo kwa kitambaa.

Ilipofika adhuhuri mguu ulikuwa umevimba na kidole kimoja hakina hisia. Hapo nikaogopa. Nikashika simu, nikapitia majina yote tangu juu mpaka chini. Dada yangu angelia tu, na Tanga si hapa. Walimu wenzangu huenda makwao mwisho wa wiki. Gari langu lilikuwa linang'aa uani, na mguu wa kukanyagia breki ndio huo.

Sikuwa na mtu.

Nikachechemea mpaka kwenye uzio nikamwita Mama Atupele, jirani yangu. Tangu nihamie hapa tumekuwa watu wa kusalimiana tu, yeye akifagia, mimi nikitoka. Alikuja mikono ina unga. Hakuuliza mengi. Aliita bajaji, akanishika kiunoni, tukaenda hospitali.

Daktari alinieleza kwamba maji ya presha huingia chini ya ngozi na uchafu wake, na huharibu ndani wakati juu huoni kitu. Akapasua, akasafisha, akanichoma sindano. Alisema mguu utapona, ila ningengoja mpaka kesho tungekuwa tunazungumza mengine. Muda wote huo Mama Atupele alikuwa amenishika mkono. Nimejaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alinishika mkono. Sikumbuki.

Tuliporudi aliwasha jiko langu, akakaa kwenye kigoda akimenya ndizi za kupika.

"Umekaa na maumivu hayo tangu asubuhi, Mwalimu?" akauliza.

"Sikutaka kukusumbua, mama."

Akamenya ndizi nyingine. "Sisi tulijua wewe hupendi watu. Geti lako linafungwa mapema. Nikawaambia wanangu, tumwache Mwalimu apumzike."

Geti nalifunga mapema kwa sababu hakuna anayekuja.

Nilitaka kumwambia hivyo. Nikaishia kusema "ndaga fijo," asante sana ya kwao, ambayo nimekuwa nikiisikia sokoni bila kuthubutu kuitamka. Alicheka namna nilivyoitamka, akanipakulia, akaenda kwake kuwapikia wanawe.

Sasa nyumba imenyamaza kama kawaida yake. Nasikia watoto wake wakigombania kitu upande wa pili wa uzio, naye anawatuliza kwa Kinyakyusa, na simwelewi hata neno. Geti sijalifunga. Si kwa sababu ya mguu.

Mguu utapona, daktari kasema. Siku hiyo nikienda kugonga mlango wake nikiwa mzima, nitasema nimefuata nini?