Nauza Vitabu vya Picha Ambazo Sijawahi Kuziona

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimejificha stoo katikati ya maboksi ya vitabu, na msaada ninaouomba huenda ukauona mdogo ukiulinganisha na wa watu wanaokuletea habari za waume walevi na viwanja vilivyodhulumiwa, lakini kwangu mimi maji yamefika shingoni, maana Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu nitaumbuka mbele ya mtu pekee ambaye sitaki kabisa kuumbuka mbele yake.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, mjane, binti yangu wa pekee ameshaolewa, na nafanya kazi katika duka la vitabu vya sanaa lililo ndani ya makumbusho, ukiingia mlango mkubwa unakata tiketi kulia na sisi tuko kushoto, duka dogo lenye meza mbili na rafu hadi darini, na humo hatuuzi kitabu kingine chochote isipokuwa vya picha, vinyago, vitambaa, vyungu na majengo, vitabu vizito ambavyo kimoja kikimwangukia mtu mguuni anachechemea wiki nzima, vyote vimefungwa nailoni isipokuwa nakala moja ya kila kitabu ambayo wateja wanaruhusiwa kuifunua, na mimi kila asubuhi kabla ya kufungua nazifuta nakala hizo vumbi na kuzisoma, nimezisoma zote, nyingine mara tatu, kwa miaka kumi na moja, mpaka wenzangu wakanivisha kilemba wakaniita Profesa, na wageni wanaelekezwa kwangu, "Kamuulize Profesa kabla hujapanda," nami nawaambia waanze chumba gani, wasimame mbele ya picha gani, watazame mwanga unaingilia wapi.

Mshauri, sijawahi kupanda juu. Hata siku moja.

Wiki yangu ya kwanza kazini nilivua aproni saa ya chakula nikaelekea kwenye ngazi, na msimamizi wa wakati ule akanisimamisha mbele ya wageni akasema kwa sauti, "Wewe wa duka, unakwenda wapi? Huko juu ni kwa wageni," nikarudi uso unaniwaka moto, nikajiapiza ngazi ile siigusi tena, na hata msimamizi yule alipostaafu akaja huyu wa sasa anayetuhimiza sote tupande tukaone, nilikuwa nimeshachelewa, kwa sababu tayari nilikuwa Profesa, na profesa ataanzia wapi kuuliza ngazi inatokea upande gani?

Sasa kuna picha moja inaitwa Kuanika Baada ya Mvua, wanawake watatu wanaanika mashuka meupe uani na ardhi bado ina madimbwi, na mimi picha hiyo naipenda kuliko zote, katika kitabu imelazwa kurasa mbili nzima na kitabu chenyewe kikifunuliwa kinajaza meza, kadi zake hatuna kwa kuwa familia ya mchoraji ilikataa zisitengenezwe, basi kichwani mwangu nikajijazia kwamba ni picha kubwa, nikawa nawaambia watu ni kubwa kama ukuta, ukiingia tu chumba cha nne inakupokea, na nilivyokuwa nikitia chumvi ungedhani nimelala humo. Mwaka jana akaja bibi mmoja, mshonaji mstaafu mwenye mkongojo, magoti yake mabovu, akaniambia mama yake alikuwa akifua mashuka ya hoteli na angependa kuiona picha hiyo kabla macho hayajamwishia, nikamwambia hutaikosa bibi, ni ile kubwa. Alikaa juu karibu saa mbili. Aliposhuka akajitupa kwenye kiti changu akasema, "Mwanangu, nimezunguka vyumba vyote mara mbili, ile kubwa sijaiona," na mimi badala ya kukiri kwamba sijui, nikamjibu kwa mdomo wangu huu huu, "Pole bibi, nadhani wameishusha kuisafisha," naye akanishukuru, mshauri, akanishukuru, akaniachia namba ya simu nimpigie ikirudishwa. Alipoondoka ndipo nikafunua kurasa za mwisho za kitabu ambako wanaandika vipimo kwa maandishi madogo, nikakuta sentimita thelathini na nane kwa hamsini na mbili. Trei ya chai. Bibi wa watu alipita mbele yake mara mbili akitafuta ukuta, na namba yake mpaka leo iko kwenye droo yangu chini ya gundi, sijapiga.

Hilo ni la kwanza. La pili ni mlinzi wa chumba cha nne, ambaye tunamwita Taratibu kwa sababu ndilo neno lake kwa wageni wanaokimbilia picha, taratibu, taratibu, ana miaka saba kwenye mlango ule, mpole, hana mke, na kwa miaka minne sasa kila saa ya chakula anashuka na bakuli lake tunakula pamoja nyuma ya duka, na mazungumzo yetu mengi ni picha ile, yeye anasema "wale wanawake wanne" nami nambishia ni watatu, siku moja nikamfungulia kitabu nikamhesabia, mmoja, wawili, watatu, akakitazama kitabu, akanitazama mimi, akatabasamu akasema, "Haya mama, wewe ndiye Profesa," akaendelea kula. Siku nyingine, kabla ya yule bibi kuja, nilikuwa namwambia mteja mmoja mzee kwamba picha ni kubwa kama ukuta, Taratibu akakohoa kidogo akamwambia yule mzee, "Ukubwa wake unategemea umesimama wapi, baba. Wewe sogea karibu sana," nikasema moyoni, mwanamume huyu kajaliwa maneno.

Wiki mbili zilizopita akaniambia hivi: "Jumatatu ya mwisho wa mwezi tumefunga kwa wageni, mimi nina zamu ya kufuta vioo. Njoo upande. Nataka usimame mbele ya ile picha kwa raha zako, hakuna mtu wa kukutazama. Nami nina jambo la kukuuliza." Mshauri, sisi si watoto, jambo lenyewe nalijua na jibu lake ninalo tangu mwaka juzi. Lakini nitasimamaje pale nikijifanya mwenyeji? Akigundua kwamba miaka minne nimemdanganya kila siku juu ya chumba anachokilinda mwenyewe, ataulizaje tena swali lolote?

Dada yangu mkubwa, ambaye ni yeye peke yake niliyemwambia, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akasema, "Huyo Taratibu wako anapumzika Alhamisi, si ndiyo? Kata tiketi, jitande vizuri, panda, tazama, shuka. Jumatatu unakwenda kama mwenyeji. Wanaume hawaambiwi kila kitu." Alhamisi iliyopita nikajaribu. Nikafika nusu ya ngazi nikageuka, nikamwambia wa tiketi nimesahau miwani, na miwani nilikuwa nimeivaa.

Nikuambie kilichonigeuza, maana hata dada sikumwambia. Si Taratibu wala aibu peke yake. Miaka kumi na moja nawaambia watu moyo utawaruka mbele ya picha ile. Je, nikisimama pale wangu usiruke? Nikiona kijitrei tu kimetundikwa ukutani na mimi sisikii chochote? Nitakuwa nimeishi na karatasi.

Naomba uniambie, niende Alhamisi ijayo kama dada anavyosema, au nimwambie Taratibu ukweli na nimpoteze?

Wako, Profesa wa Ghorofa ya Chini

MSHAURI ANAJIBU

Mpendwa Profesa,

Kwanza toka stoo, wateja wanangoja.

Nimecheka, sikufichi, hasa hapo kwenye miwani. Lakini nilipofika kwa yule bibi wa mkongojo kicheko kilinikauka, kwa hiyo tuanze na yeye, ingawa wewe umemweka wa kwanza kisha ukamkimbia kwenda kuzungumzia mapenzi. Mama mtu mzima alipanda ngazi na magoti mabovu kwa neno lako, akazunguka saa mbili, akashuka mikono mitupu, na wewe ukampa uongo wa pili aende nao nyumbani. Hilo ni kosa, na ndilo baya kuliko mengine yote katika barua yako. Mwaka mzima anangoja simu. Unajua alivyokuambia kuhusu macho yake. Toa namba chini ya gundi upige leo, kabla ya kufunga duka, umwambie picha haikuondolewa, ni ndogo, na wewe uliyemwelekeza hukuwahi kuiona. Akikusonya, pokea. Akinyamaza, ngoja mpaka aseme kitu. Kisha umwombe aje tena, na safari hii umshike mkono mpande pamoja, hatua kwa hatua, na kiti kiwe kimewekwa mbele ya picha kabla hajafika.

Pole kwa yaliyokupata wiki ile ya kwanza. Nayasema haya kwa dhati, maana nimewaona wengi waliorudishwa mlangoni mara moja na mtu mwenye funguo, wakaendelea kujirudisha wenyewe miaka na miaka baada ya mwenye funguo kwenda zake. Yule msimamizi yuko kwake anakula pensheni, hata hakukumbuki, na wewe bado unamtii.

Dada yako msalimie, ila Alhamisi usiende. Ukipanda kwa kujificha, Jumatatu itabidi uigize kwamba umeizoea picha uliyoiona mara moja ukiwa umejitanda, na uongo wa miaka kumi na moja utakuwa umeupatia mdogo wake.

Sasa tumfikie Taratibu, na hapa nitakugombeza kidogo. Wewe umesoma vitabu vizima mara tatu, lakini barua yako mwenyewe hukuisoma hata mara moja. Hebu irudie. Mtu huyu amesimama kwenye mlango wa chumba cha nne miaka saba. Kazi anayolipwa ni kutazama nani anaingia na nani anatoka. Unafikiri hajui kwamba Profesa hajawahi kupita pale?

Anajua, mama. Amejua siku nyingi. Alijua ulipomhesabia wanawake kwenye kitabu akakuachia ushindi. Alijua alipokohoa mbele ya mteja, kisha akamwelekeza yule mzee asogee karibu sana, ili asiikose kama bibi alivyokuja kuikosa na wewe usiaibike. Na sasa amekuchagulia siku makumbusho yamefungwa, akakuambia "hakuna mtu wa kukutazama." Ukiyasikiliza vizuri maneno hayo, utaona anakufungulia mlango wakati ambao hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi.

Utasema, kama anajua, basi ninyamaze. Hapana. Miaka minne amekubebea siri ambayo hukumwomba aibebe, na hajawahi kukucheka kwayo. Mtue huo mzigo. Usingoje Jumatatu. Kesho saa ya chakula, akiwa ameshafungua bakuli lake, weka kijiko chini umwambie, "Sijawahi kupanda." Maneno mawili yanatosha. Habari ya msimamizi na ya bibi mwambie akikuuliza, na atakuuliza. Ikiwa nimekosea na ikawa hajui, basi pia ni afadhali asikie nyuma ya duka kwenye chakula chenu kuliko mbele ya picha akiwa na swali lake mdomoni.

Ile hofu yako nyingine, ya kusimama usione kitu, hiyo imenigusa, na siwezi kukuahidi kwamba moyo utaruka. Mioyo haina saa. Usiposikia chochote, mwambie uliye naye, "Sisikii chochote bado," mkae, mtazame tena. Lakini usiseme umeishi na karatasi. Mtu anayefuta vumbi kitabu kila asubuhi na kukisoma kabla ya kukiuza amefanya kazi ya heshima. Ukubwa uliukosea. Yale mengine, ya mwanga na mashuka na madimbwi, uliyaona kwa macho yako, na wageni wangapi wamekwenda kusimama mbele ya picha ile kwa sababu wewe uliipenda kwanza? Tangu sasa waambie tu, "Ni ndogo, iko chumba cha nne, ulizia." Cheo cha uprofesa hakuna atakayekunyang'anya kwa hilo.

Jambo la mwisho. Barua yako ilinikosesha raha, nikaenda maktaba nikakiomba hicho kitabu kikubwa. Nami nilihesabu watatu. Kisha nikakumbuka kwamba picha ikilazwa kurasa mbili, katikati kuna mshono, nikakifunua kitabu kwa nguvu mpaka mtunza maktaba akanikemea, na mle ndani kabisa ya mkunjo, kati ya shuka la pili na la tatu, nikaona kiwiko cha mkono na ncha ya kitambaa cha kichwa. Sikuona zaidi ya hapo. Kuna mtu mle, Profesa, kitabu kimemmeza, na Taratibu amekuwa akimwona kila siku na hakutaka kushindana nawe juu yake.

Jumatatu panda. Wahesabu wote, na ukimfikia huyo wa nne, mgeukie mwenzako umwambie kwamba alikuwa sahihi. Ukishamwambia, mwache aulize swali lake.