Mistari Yenye Alama ya Reli

Jumatatu, 2 Novemba 1987
Kadi mia na kumi leo. Fundi Kanji ameniachia karatasi za programu ya kompyuta, ile inayopiga king'ora maji yakipanda shimoni. Kila jina naliandikia kadi na ukurasa lilipo, ili akitaka kubadilisha kitu asitafute. Alinipa wiki. Nikamwambia siku mbili. Darasa langu la sita ni digrii ya hawa wa leo.

Jumanne, 3 Novemba
Nimemaliza! Mistari inayoanza na alama ya #, kama reli, nimeiruka. Mapambo tu. Jina likijirudia, sijahangaika nalo; ukurasa wa kwanza unatosha. Jioni nimewasimulia wachimbaji chui wa Segese niliyemnyonga kwa mshipi. Wamecheka. Wivu.

Alhamisi, 5 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Wanachimba chini zaidi sasa, kwa hiyo Kanji ameshusha kipimo cha maji ili king'ora kilie mapema. Kadi yangu ilimpeleka ukurasa wa 14. Akabadilisha, akapanda basi la Kahama. Kuta za shimo zinatoa jasho. Sipendi.

Ijumaa, 6 Novemba
Nilifungua zile karatasi nijifurahishe tu. Mstari wa reli, ukurasa wa 14: kama ni KIANGAZI, tumia kipimo hiki. Ukurasa wa 31: kama ni MASIKA, tumia hiki. Imeandikwa Kiswahili kabisa! Jina moja, vipimo viwili, kadi yangu ina ukurasa wa 14 tu. Mvua za huku huanza Oktoba; kompyuta iko MASIKA tangu mwezi jana. Kanji kabadilisha cha kiangazi, kwa hiyo inafuata kipimo cha zamani.
Simu ya Kahama haishiki. Shemeji yangu Masanja anashuka na zamu ya saa saba. Nimekaa na karatasi mapajani asubuhi nzima. Aibu tupu.

Jumamosi, 7 Novemba
Jana nilifika mdomoni mwa shimo Masanja na wenzake wakijiandaa. Zamu ya asubuhi ilishapanda. Nikasema msishuke, king'ora hakitalia. Kijana mmoja akadakia:
"Shikamoo mjomba! Leo chui kavaa gambuti?"
Kicheko. Masanja akafunga kofia.
Nikasema: "Nimekosea. Mimi. Kwenye kadi."
Masanja akanitazama sana. Akaivua kofia.
"Kaeni. Huyu hajawahi kusema hivyo tangu nimuoe dada yake."
Wakakaa. Saa tisa maji yaligusa dari la njia ya chini, ambako wangekuwa wanachimba. King'ora kimya.

Jumatatu, 9 Novemba
Mvua bado. Kanji amerudi, amerekebisha ukurasa wa 31. Naandika kadi upya, mistari ya reli kwanza. Niko ukurasa wa tatu. Wachimbaji wamepita dirishani, wamenisalimia. Hakuna aliyeomba hadithi, nami sikuwa nayo.