Santuri ya Sikukuu ya Kijijini

Kaka Stathis,

Hapa Ioannina ukungu wa ziwani haujaondoka tangu jana. Nilijibanza katika duka la santuri la mzee Kitsos, akaniwekea santuri ya sikukuu ya kijijini kwetu, iliyorekodiwa tukiwa wadogo. Zumari ya klarineti ilianza, kama desturi, kwa kuwalilia waliokufa na walio ng'ambo, ndipo ngoma ikafuata. Nilikuwa kama naelea. Mara nikasikia humo, kati ya kelele za watu, sauti ya Mama: “Stathis, njoo ule, mwanangu.”

Nilimwomba mzee airudie mara nne.

“Utaichakaza santuri, binti,” akanung'unika.

Kabla hajafariki, Mama alikuita vilevile hospitalini. Nilikupigia, ukasema una kazi. Hayo tuyaache. Santuri nimekutumia. Safari hii akikuita, itika.

Dada yako,
Lambrini