Tonton, Ile Mechi Tulifungwa

Tonton Fidèle,

Naanza na lile nililolibeba tangu mwaka jana: ile mechi tulifungwa. Nilisimama kando ya kitanda chako pale hospitalini nikakuambia tumeshinda. Nilikudanganya. Siku mbili baadaye ukaondoka, na mimi nikabaki na uongo wangu kama mtu aliyebaki na ufunguo wa nyumba ya watu.

Leo ni Jumapili mchana, nimekaa mezani hapa Evere, huku ugenini. Baadaye timu yetu inacheza mechi ya mwisho ya msimu. Ndiyo, mwaka huu tena wametufikisha mpaka siku ya mwisho, hawa watu hawana huruma na mioyo yetu. Tuko sawa kabisa na wale wa kofia nyekundu, na leo tunakutana nao. Atakayeshinda anaingia kwenye mtoano, atakayefungwa anarudi nyumbani.

Nani angesema mimi Zaituni, mtoto wa Buyenzi, nitakosa usingizi kwa ajili ya besiboli? Kwetu Bujumbura nilijua mpira ni wa miguu, basi. Nilikuwa nasafisha ofisi za ghorofa ya nne kule mtaa wa Schuman, na wewe, niliyekuita tonton, yaani mjomba, bila undugu wa damu, ukilinda mlango usiku kucha. Saa moja asubuhi nilikuwa namaliza, wewe unatoka zamu, tunakaa kwenye benchi la nje na termosi yako ya kahawa. Ukanieleza habari za mdogo wako Safari, aliyechukuliwa kutoka kambi ya wakimbizi akapelekwa Amerika, na jinsi alivyokutumia kofia ya buluu ya timu ya mji wake. Ulianza na kofia, mchezo ukafuata.

Mechi zilichezwa sisi huku tukiwa kazini au tumelala, kwa hiyo tuliziangalia asubuhi kwenye simu yako. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna kuchungulia matokeo. Siku ile nilipochungulia kwenye metro nikaja nimejikausha, hukunipa hata nafasi ya kusalimia. "Zaituni, sura yako iko radio. Umeniharibia mechi." Ukaninunia mpaka Ijumaa.

Na kofia. Timu ikiwa nyuma, uliivua ukaigeuza ndani nje, mishono yote hadharani, ukaivaa hivyo mbele ya mabwana wa suti wanaoingia kazini. Safari alikuambia mashabiki wa kule ndivyo wanavyofanya, kuivuta timu irudi. Tukishinda, uliirudisha ilivyokuwa. Mimi nilikuwa naona aibu, natazama pembeni. Wewe ulisema, "Kofia iko ndani inje, donc tungali tunacheza."

Halafu ukaugua, na mkono wako ukashindwa kushika simu. "Angalia wewe, mutoto," ukaniambia, "utakuya kunielezea." Niliangalia peke yangu kwenye basi, mara ya kwanza bila wewe. Tulifungwa vibaya, na msimu wetu ukaishia pale. Nikafuta machozi kwenye lifti, nikaingia chumbani kwako na tabasamu la kununua. Ulipouliza nani alipiga, nikamtaja Mrefu, yule kijana tuliyempenda. Nikakuambia alipiga mpira ukavuka ukuta na kupotelea kwa mashabiki. Ukafumba macho, ukasema, "Alors, ni vizuri."

Nilikuwa nimeshafika kituoni nilipokumbuka kwamba Mrefu alivunjika kidole. Alikuwa hajacheza kwa wiki tatu. Na aliyeniambia habari za kidole hicho ni wewe mwenyewe. Nilitamani kurudi, basi likaja, nikapanda.

Nimebeba swali hilo mwaka mzima, tonton. Ulikufa ukiamini uongo wangu, au ulikufa ukijua kwamba mtu uliyemwamini anakudanganya usoni? Sikujua lipi lina nafuu. Msimu mpya ulipoanza sikuangalia hata mechi moja. Safari alipiga simu mara nyingi, nikamwambia nina kazi nyingi.

Mwezi uliopita Maman Odette, mke wako, aliweka misa ya kukukumbuka, mwaka ukikaribia kutimia. Nilikaa benchi la nyuma na mtandio wangu, watu wako wakanipokea kama kawaida. Baada ya chakula akaniita jikoni. Alikuwa na ule mfuko wa vitu vyako wa hospitali, bado umefungwa fundo lile lile. "Miye siwezi, Zaituni. Fungua weye." Nikafungua. Pijama, miwani, rozari. Chini kabisa, kofia. Ilikuwa imegeuzwa ndani nje.

Nikamuuliza nani aliigeuza. "Ni miye," akasema. "Weye ulitoka tu, na yeye akaniambia, Odette, geuza kofia, univalishe. Nikamuuliza juu ya nini. Akaanza kucheka. Nikawaza ni dawa zinamuchanganya kichwa."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Nililia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena, mpaka Maman Odette akadhani na mimi nimechanganyikiwa. Ulijua. Uliniangalia ukaisoma sura yangu, ile radio yako, ukasikia habari za Mrefu na kidole chake, ukaniacha niende zangu na heshima yangu. Na hukukasirika. Ulicheka. Mwaka mzima nimejitesa bure, na wewe ulikuwa umeshanisamehe kabla sijafika kituoni.

Nilimweleza Maman Odette maana ya kofia. Akaniuliza mechi inayofuata ni lini. Huyo huyo aliyekuwa anasema huu ni mchezo wa watu wanaosimama tu shambani. Sasa anajua kila kitu, na mwamuzi akikosea anamtukana kwa Kilingala. Yeye anawasha mshumaa, mimi napiga dua, na kofia yako naivaa juu ya mtandio. Inanibana, lakini siioni aibu tena. Tulipoanza tulikuwa nyuma mechi nne kwenye msimamo, na tazama tulipofika.

Sasa sikiliza mpango wetu. Jioni hii nazima simu. Safari tumeshamkataza kupiga, ameapa. Kesho nimeomba ruhusa kazini, na makaburi yakifunguliwa asubuhi mimi na Maman Odette tutaingia na termosi, tutakaa kwako, tutaangalia mechi yote mpaka raundi ya tisa, ya mwisho. Nitakuja sijui chochote. Utatazama uso wangu na hutapata cha kusoma.

Na ninakuahidi hili: sitakuletea tena ushindi wa kutunga. Tukifungwa kesho, utatuona tukifungwa, na tutalia wote pale pale, halafu tutamaliza kahawa na kuanza kungoja msimu mwingine. Mimi lakini nina matumaini, tonton. Nimeamka nayo leo, na sijayaona mwaka mzima. Mrefu kidole kimepona. Leo anacheza.

Kofia sijaigeuza. Maman Odette alitaka kuifua na kuirudisha vizuri, nikamzuia. Itakuja kesho kama ulivyoiacha, mishono nje.

Pumzika, tonton wangu. Tungali tunacheza.

Zaituni