Bakuli la Pumba

4 Machi

Baba, shikamoo. Vipi hali yako, na kikohozi cha mama? Mimi mzima. Naandika kwa sababu kwenye simu mashine yako ya kusaga inanizidi sauti.

Sitazunguka. Baba mdogo tulimzika kwa saratani ya utumbo, na wewe ni ndugu yake wa tumbo moja. Mama ameninong'oneza kwamba umeona damu chooni. Hapa wodini nauguza wanaume wa umri wako waliochelewa kwa sababu ya aibu tu. Nenda ukapimwe utumbo kwa kamera, nakuomba.

Na chakula ubadilishe: maharage, dengu, kunde, unga usiokobolewa. Nyuzinyuzi zake hulainisha choo, na vijidudu vyema vya tumboni huzila vikalinda ukuta wa utumbo. Zinapunguza hatari ya saratani, Baba, lakini hazichukui nafasi ya kipimo.

Mwanao

19 Machi

Marahaba, mwanangu. Kikohozi cha mama yako kimekwisha, ulimi ndio bado haujatulia. Kwa hiyo alikuambia. Haya.

Watu wanavuka mitaa kuufuata unga wangu kwa weupe wake, leo binti yangu ananiambia uzuri wote nimewalisha kuku! Maana pumba zote ni zao. Umenichoma, ila nimekusikia.

Kupimwa, hapana. Kamera ipite huko? Nitawatazamaje wateja? Nitakula, inatosha. Kama dawa iko kwenye pumba, mimi naifuata kwenye pumba zenyewe. Asubuhi bakuli, jioni bakuli. Kuku wananitazama vibaya.

Baba yako

27 Machi

Shikamoo, Baba. Nilicheka, kisha nikaogopa. Acha hilo bakuli. Tumbo lililozoea unga mweupe hubembelezwa kidogo kidogo, tena kwa maji mengi. Pumba tupu kiasi hicho zitakuziba. Nijibu upesi.

Mwanao

11 Aprili

Baba, shikamoo. Hujajibu, na mama hapokei simu. Naomba hata mstari mmoja. Kila mzee anayeletwa wodini, namwangalia uso kwanza.

Mwanao

2 Mei

Marahaba, mwanangu, kwa barua zote mbili. Nipo, usilie. Mimi ndiye niliyemkataza mama yako kupokea simu hadi majibu yatoke.

Pumba zilinigomea. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, nikapelekwa hospitali juu ya mkokoteni wangu mwenyewe wa magunia, wateja wakinisindikiza. Daktari akauliza nimekula nini. Nilipomwambia alitoka nje kidogo, nadhani alikwenda kucheka. Aliporudi aliuliza kama nimewahi kuona damu. Mama yako akajibu kabla sijafungua mdomo.

Tumbo lilipotulia, kamera ikapita. Wakakuta kijinyama, wakakikata palepale. Majibu yametoka jana: hakijawa saratani, ila kingeachwa kingeweza kugeuka. Mwanangu, nilikaa kwenye kiti cha daktari nikamlilia mdogo wangu, maana yeye hakuwa na mtu wa kumsumbua.

Sasa nasaga unga usiokobolewa pia. Naula kwa maharage, taratibu, na maji. Kwenye foleni nawaambia wanaume bila kumung'unya maneno, na wawili wameshakwenda kupimwa.

Daktari alitaka kujua nani alinifundisha habari za nyuzinyuzi. Alidhani ni redio. Nikamwambia ni binti yangu, muuguzi, na nililisema kwa sauti hadi waliokaa kwenye benchi nje wakageuka.

Baba wa muuguzi