Draiva la Kibodi Lisilo na Saini

Jumapili, 3 Machi

Kompyuta imefufuka! Wiki nzima ilikuwa inajizima yenyewe. Leo nimefuta kila kitu, nikaweka mfumo upya. Mwenyewe, bila fundi. Ila sauti hakuna, na wifi haipatikani – ya intaneti, maana wifi yangu, dada wa mume wangu, yuko sebuleni anacheka tangu asubuhi. Ni muuguzi wa zahanati ya mtaa wa chini, ana kicheko cha kuamsha wodi. Alipoacha kucheka akanieleza: vitanda vyote ni watoto, wote wanaharisha. Ndiyo maana naihitaji hii mashine. Mpima usafi wa maji wa mamlaka ya maji ni mimi, na ripoti ni yangu kuiandika. Bosi apende asipende.

Jumatatu, 4 Machi

Ofisini nimemweleza Bwana Pasiwedi shida yangu. Ni fundi wetu wa kompyuta – jina tumempa sisi, kwa kutubadilishia pasiwedi kila tunapoizoea. Nimemwambia nakosa madraiva, yale mafaili yanayoiwezesha kompyuta kuelewana na spika zake, kibodi yake na vingine. Akanipa flashi kabla sijamaliza kusema. Alikuwa nayo mfukoni.

Nimechomeka nyumbani, kila kitu kimekubali. Ripoti imekwisha. Kuna sentensi moja niliandika, nikaifuta: "Tunawauzia watu ugonjwa kwa bomba." Badala yake nimeweka "matokeo hayaridhishi". Adabu ya kazi.

Jumanne, 5 Machi

Ripoti imekataliwa. Eti sampuli zilichafukia mikononi mwangu. Nirudie – lakini mwezi ujao! Watoto wasubiri mwezi ujao.

Si hilo lililonikata maini. Nilipokuwa natoka, Bosi akaniita, sauti ya chini, ya upole kabisa: "Na hiyo lugha ya kuwauzia watu ugonjwa kwa bomba, iache huko huko kwako."

Sentensi ile hakuna aliyeiona. Sikuichapa, sikuituma. Mume wangu mwenyewe yuko safarini na lori lake. Ilikaa kwenye kioo kitambo kidogo, nikaifuta.

Nimerudi nyumbani na viatu miguuni mpaka mezani. Nimefungua orodha ya madraiva, moja moja. La sauti lina jina la kampuni, tarehe ya zamani, saini ya mtengenezaji. La wifi vilevile. La kibodi – yako mawili. Moja halina mwenyewe. Hakuna kampuni, hakuna saini, na tarehe yake ni ya wiki jana. Nimelifuta, nikazima, nikawasha. Limerudi. Nimelifuta tena. Limerudi, limeng'ang'ania kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Kila ninachogusa, mtu anasoma. Hata ninachokifuta.

Mume wangu nimempigia. Akasema dereva anayemjua kwenye nyumba ile ni yeye, na dereva asiyejulikana hapewi funguo. Nimecheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Afadhali daftari hili halina waya.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamka na hasira. Hasira safi, iliyochujwa. Bosi huyu kaingia choo cha kike.

Ningeweza kuifuta kompyuta yote asubuhi hii. Sikufuta. Kwanza nimelinakili lile faili kwenye flashi yangu, liwe ushahidi. Kisha nikaketi, nikamwandikia barua rafiki ambaye hajazaliwa: kesho asubuhi nakwenda kuchukua sampuli mpya kwenye tangi la juu, Bosi asijue. Nikaipamba vizuri, nikaweka hata salamu kwa mama yake. Sikuituma popote. Nikazima.

Tutakula naye sahani moja.

Alhamisi, 7 Machi

Ameingia mtegoni! Mlinzi wa tangi la juu kanipigia. Kasema Bosi kafika alfajiri, na viatu vya ofisini kwenye tope, akasimamia dawa ya klorini ikimwagwa tangini mpaka macho ya watu yakawasha. Sasa kaketi kwenye kiti cha mlinzi, ananisubiri. Na aendelee kusubiri.

Mimi nilikuwa mtaa wa chini na wifi, kwenye mabomba ya uani, kabla hiyo dawa haijafika huko. Kila bomba tulilichoma mdomo kwa moto kuua vijidudu vya nje, tukaacha maji yatiririke, ndipo tukakinga. Sikuzigusa chupa kwa ndani. Wifi aliangalia mikono yangu kama mkaguzi wa mpaka. Mama mmoja aliyekuwa anafua akauliza maji yana nini. Sikuzunguka. Nikamwambia ayachemshe mpaka nitakaporudi kumwambia vingine.

Chupa zimekwenda maabara ya zahanati. Si yetu.

Mchana nimeingia kwenye chumba cha Bwana Pasiwedi, nikaiweka flashi yake mezani. Hakuuliza ni ya nini. Akasema aliagizwa, aliambiwa ni usalama wa ofisi tu.

"Dada, mimi nina watoto."

"Na wale wanaolazwa, kaka, ni wa nani?"

Nimemwacha anakunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa.

Ijumaa, 8 Machi

Vijidudu vya kinyesi, karibu chupa zote. Daktari mkuu wa zahanati kasaini. Mlangoni kumebandikwa tangazo: chemsheni maji. Wifi kalibandika mwenyewe, gundi ya kutosha ukuta mzima.

Jioni nimeifuta kompyuta tena. Safari hii madraiva nimeyachukua kwa mtengenezaji mwenyewe. La kibodi ni moja tu. Nimezima, nimewasha, nimezima, nimewasha. Halikurudi. Nikaandika ripoti upya, na ile sentensi nimeiweka juu kabisa.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimesimama jikoni.

Wako sebuleni. Bosi, na nyuma yake Bwana Pasiwedi na begi lake. Wamekuja kuichukua kompyuta "kwa ukaguzi". Nimewaambia ni yangu, nimeinunua kwa jasho langu, haina hata kibandiko cha ofisi. Bosi akasema kazi iliyomo ni ya ofisi. Nikasema kazi iliyomo sasa iko kwa daktari mkuu, na faili lake la kibodi liko huko pia, amwombe yeye. Rangi ikambadilika. Akaniambia nifikirie mkate wangu. Nikamjibu nimeshafikiria, nikaja huku kuvuta pumzi.

Kompyuta iko mezani, imefunguliwa. Wifi kaketi pembeni yake na sare yake ya kazi, mikono kifuani, hacheki.

Bosi amemwambia Bwana Pasiwedi achomoe waya, wabebe, waondoke. Namwona kupitia upenyo wa mlango. Begi liko magotini. Hajainuka.

Ameambiwa tena, kwa sauti ya juu. Anaitazama kibodi. Ameweka begi chini, na bado amekaa –