Pumzi Kabla ya Ngoma

Baba,

Shikamoo. Najua jibu lako: "Marahaba mama, umekula?" Nimekula, ila nimekula nimesimama. Siku hizi nikikaa nainuka, nikiinuka natafuta pa kukaa. Hata barua hii naiandikia juu ya kabati la vyombo, kalamu mkono huu, mkono mwingine unambembeleza mjukuu wako aliye mgongoni.

Huyu hukumkuta. Ni wangu wa pili, tena wa kiume, kwa hiyo kwa mila yetu jina lako lilikuwa linamsubiri kabla hajazaliwa: Severini. Mama anaogopa kuliita kwa nguvu. Anaita polepole kwanza, halafu akiona mtoto ameitika, anacheka, anafuta macho kwa kanga.

Baba, nataka kukueleza habari ya wimbo wako.

Unakumbuka ile siku tunachambua kahawa uani Kilema, ukaanza kuunguruma kitu kwa mdomo uliofungwa? Nikachukua simu nikakurekodi. Ukasema huo si wimbo wa mdomo, ni wa tarumbeta. Lakini tarumbeta yako vitufe vilishakwama, na bendi yenu ilikuwa imebaki jina tu. Ukasema, "Siku moja Gaude utausikia ukiwa na watu wake wote." Watu wake nilikuwa nawajua tangu mdogo, kwa sababu ya ile kanda yako ya afrobeti uliyoiunga kwa rangi ya kucha ya Mama. Ngoma isiyo na haraka, besi, gitaa mbili zinazorudia neno lile lile kama majirani wanaobishana, halafu tarumbeta zinajibu zote kwa pamoja. Na mwimbaji mwisho kabisa. Ulikuwa mkali hapo: "Asiingie mapema! Muziki uive kwanza, kama mtori."

Basi nilijiapiza. Siku ya misa yako ya mwaka, watu wakishakula, wausikie wimbo ukiwa na watu wake wote, na wajue ni wewe.

Bendi ningeitoa wapi? Nikaweka programu kwenye simu, hizi za akili mnemba. Unaipa sauti, unaiandikia unachotaka, inakutengenezea vyombo vyote. Mimi niliyeishia darasa la saba nikaandika kwa Kiswahili kile kile: afrobeti ya zamani, tarumbeta tatu, gitaa mbili, usiharakishe. Mara ya kwanza ikaniletea muziki wa baa za huku kwetu mjini, Pasua. Nikafuta. Mara nyingine ikaweka mtu anaimba kabla hata ngoma haijakaa vizuri. Nikakusikia ukigomba. Nikafuta tena. Nilikuwa naosha nepi na kisikilizio sikioni, nakaanga maandazi na kisikilizio sikioni, mume wangu akiongea naitikia sijui nini. Mpaka siku moja vikatoka, Baba. Vyombo vyote. Tarumbeta zilipoingia maandazi yaliungua nikayaacha yaungue.

Nikapanda Kilema kumsikilizisha Mama. Baba mkubwa Aloisi alikuwepo, akaitazama ile spika ndogo, akasema, "Kwa hiyo mdogo wangu siku hizi amehamia kwenye simu?" Tukacheka. Nikawasha. Mama akaanza kupiga makofi. Akakosea. Akaanza tena, akakosea. Akashusha mikono mapajani, akasema, bila ubaya wowote, "Sauti ni yake. Lakini huyu si mume wangu."

Sijui nikueleze vipi. Kama angenitukana ningejua pa kushika. Nilishuka mjini na lile neno limenikaa kifuani. Nikabadilisha gitaa. Nikaongeza ngoma, nikapunguza ngoma. Kila nilichogusa kilizidi kuwa kizuri na wewe ukazidi kwenda mbali. Misa inakaribia. Nikawa nawaza bora niache, watu wale ndizi zao na nyama waende, kuliko kuwaletea mgeni mwenye sauti yako.

Halafu ikatangazwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wa kuzibua mfongo wetu wa kumwagilia, maana mvua ilikuwa imeujaza tope na maji hayafiki kwenye vihamba vya migomba vya chini. Kila nyumba itoe mtu. Mama magoti hayamruhusu, nikaenda mimi, mtoto nikamwachia yeye. Tukajipanga kwenye mfereji, wakaanzisha wimbo wa kazi. Mimi nimekaa mjini, jembe langu likawa linapishana na ya wenzangu. Baba mkubwa akanipigia kelele kutoka mbele: "We Gaude! Unapoinua si mwanzo! Mwanzo ni likishuka!"

Nikasimama katikati ya tope, Baba. Nilisikia ile "hmm" ya watu wote wakiinua. Ndiyo "hmm" yako. Wimbo wako unaanza na ile pumzi, ya mtu anayeinua jembe, halafu ndipo unashuka. Programu haijawahi kushika jembe. Ilisikia sauti inaanzia pale, ikadhani mwanzo ni pale, ikaleta ngoma pale pale. Ikajenga nyumba nzima na mlango umetazama migombani. Na mimi niliyezaliwa hapo nikapita mlango huo huo.

Sikunawa hata miguu. Nilikaa kwenye ukuta wa kaburi lako, nikaivuta sauti yako kwa kidole irudi nyuma, itangulie ngoma. Ikarudishwa. Nikavuta, ikarudishwa, kuna kitufe kinachonyoosha kila kitu kifuate ngoma bila kuulizwa. Nikakitafuta mpaka nikakizima. Halafu nikaiambia itengeneze tarumbeta upya, zingoje jembe lishuke.

Mwishoni mwa rekodi unasema, "Gaude, zima, utamaliza chaji." Programu iliniuliza kama ifute maneno hayo. Nikakataa.

Misa imekwisha, Baba. Padre amebariki msalaba wako, watu wamekula, pombe ya mbege imezunguka. Nikawasha. Ukavuta pumzi pale kwenye spika, na wazee waliokuwa kwenye mabenchi wakavuta na wewe, bila kuambiwa. Ngoma ikashuka. Nilikuwa namwangalia Mama tu. Makofi yake yalishuka na ngoma, yakakaa, hayakutoka tena. Tarumbeta zilipojibu, Baba mkubwa akavua kofia. Mama akanisogelea, bado anapiga makofi, akaniambia sikioni, "Amefika."

Na ulipofika kwenye "zima, utamaliza chaji," uwanja wote ukaangua kicheko.

Bado sikai nikatulia. Sasa nina wimbo mwingine kichwani, huu ni wangu, na naogopa nikikaa utanitoka. Severini anapiga mgongo wangu kwa viganja. Bado hajajua kupiga, lakini anavuta pumzi kwanza, Baba, nakuapia.

Lala salama chini ya migomba yako. Mjukuu wako huyu akianza kushika jembe nitamfundisha mwanzo uko wapi, na tarumbeta yako nitaipeleka kwa fundi, vitufe vifunguke, siku moja aanze kwa pumzi yake mwenyewe.

Mwanao,
Gaude